Ukuta Uliomeza Honi

"Nilisema, sikatai," Enebish alisema. "Nilisema majamvi ya sufu ni mambo ya wazee, na nikipata mnunuzi nayauza yote ninunue povu la kuzuia baridi. Nilisema mbele ya watu, tena nimelewa. Sasa dada Dolgor, kusema na kuiba ni kitu kimoja?"

Kapteni Dolgor alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nondo za mahabusu, joho lake la ngozi ya kondoo limefungwa hadi kidevuni. Nje ya kituo wauza nyama wawili walikuwa wakigombania kichwa cha kondoo, na kila tusi lao lilipenya ukutani kana kwamba wamesimama humo ndani.

"Tuanze tena," alisema. "Majamvi yalikuwa wapi?"

"Kwenye banda la kambi ya baridi. Mama mkwe aliyatengeneza kiangazi chote, ya kuvalisha hema letu jipya. Sisi tulikuwa bado chini, mtoni, na mifugo. Tulipopanda kuhamia kambini, banda tupu. Na alama za matairi ya lori langu mlangoni."

"Lori ni lako kweli. Nimepima mwenyewe. Tairi la nyuma kushoto limekwisha upande mmoja."

"Lori ni langu, lakini wiki ile aliliazima Shagdar. Nimeshawaambia."

"Shagdar anasema alilirudisha Jumatatu jioni. Theluji ya kwanza ilianguka usiku huo, na alama za matairi ziko juu ya theluji. Kwa hiyo kwa maneno yake, Jumanne lori lilikuwa mikononi mwako."

"Alilileta Jumanne mchana! Nilikuwa naponda samadi kavu ya kuwashia jiko, nikamwona anashuka. Lakini nani aliona zaidi yangu? Kondoo?"

Dolgor aliinama mbele. "Aliliazima kubebea nini?"

"Makaa ya mawe."

"Na lilirudi na hali gani?"

Enebish alikunja uso akikumbuka. "Safi. Nilishangaa hata mimi. Nilifikiri atanirudishia limejaa vumbi jeusi, nimeshajiandaa kumtukana. Nyuma limefagiliwa, jeupe kama bakuli."

Dolgor alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jalada lile alihisi ana kitu cha kushika. Siku zilizopita alizipotezea kwa mfanyabiashara mmoja wa sufu kutoka mkoani, aliyeonekana akizunguka kambi za watu na lori kubwa. Alimfukuzia mpaka bonde la pili, akalifungua lori lile gunia kwa gunia, akakuta sufu mbichi yenye kinyesi na miiba, wala hakuna jamvi hata moja. Wakati huo mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika taarifa yake: mkwe mwenye tamaa, lori lake, maneno yake. Kesho asubuhi gari la mkoa lingekuja kumchukua Enebish, na mtu akishapelekwa mkoani kesi yake hulala hadi majani yaote. Mkewe Khorloo alikuwa karibu kujifungua, ndani ya hema lililovalishwa turubai na jamvi moja chakavu.

Sajini Gombo alikuwa mlangoni, anapuliza vidole.

"Twende kwa Shagdar," Dolgor alimwambia.

"Afadhali, afande. Anasema nyumba yake ndiyo yenye joto kuliko zote wilayani. Nitakaa karibu na jiko nisihojiwe."

"Utakaa kwenye gari. Ukiona nimemaliza muda wa kunywa mabakuli mawili ya chai, piga honi. Nipate sababu ya kuaga kabla hajaanza kuniuzia povu."

Maana Shagdar alikuwa muuza povu. Lile povu jeupe gumu linalofungwa pamoja na televisheni ndani ya boksi, yeye alilileta kwa vibao vikubwa, akalitia kwenye kuta za nusu ya nyumba za makao makuu ya wilaya. Hata kuta za kituo cha polisi alizivalisha yeye. Hakukosa harusi wala mazishi, na kote alihubiri jambo moja: zama za sufu zimekwisha.

"Zuieni mbwa!" Dolgor aliita getini, kama kila mgeni anavyobisha.

Shagdar alimfunga mbwa wake mweusi, akamkaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa shati tu, mikono imekunjwa. Joto la chumba lilimpiga Dolgor usoni. Ndani ya dakika alikuwa ameshafungua joho. Alitazama jiko. Moto ulikuwa mdogo, vipande viwili vitatu tu vya samadi vikiwaka taratibu. Mtoto wa Shagdar alikuwa sakafuni bila soksi, akicheza na vifupa vya vifundo vya miguu ya kondoo.

"Unaona?" Shagdar alicheka, akimpa kichupa cha ugoro kunusa. "Nikizidisha moto tutaiva. Na hao wenzako bado wanashona sufu!"

"Umetia nini ukutani, kaka Shagdar?"

"Povu tupu. Ukutani povu, darini povu, chini povu. Nisikilize, Kapteni. Sufu inaliwa na nondo, au si kweli? Panya wanazaa humo. Ikilowa inanuka kama beberu. Povu halinuki, panya hawalipendi, na ni jepesi, mtoto analibeba. Kuna mtu anasema sufu inapumua. Ukuta upumue wa nini? Una mapafu?"

Dolgor alicheka naye, akapokea chai ya maziwa yenye chumvi. "Lori la Enebish ulilirudisha lini?"

"Jumatatu jioni. Nilishaandikisha."

"Ulibeba nini?"

"Makaa."

"Ukalisafisha?"

"Mtu akikuazima kitu unamrudishia kichafu? Mimi nimelelewa." Alijaza tena bakuli la Dolgor bila kuulizwa. "Namhurumia kijana yule. Lakini mkwewe mwenyewe alimsikia akisema atayauza."

Dolgor alikunywa polepole, macho yakitembea. Kuta zilipigwa mbao za msonobari. Vichwa vya misumari viling'aa. Bakuli la pili likaisha. Alisubiri honi. Shagdar aliendelea kusimulia jinsi povu lilivyookoa shule ya wilaya jirani, kisha jinsi lilivyookoa hospitali, na honi haikulia. Bakuli la tatu liliisha. Mwishowe Dolgor aliaga mwenyewe, jasho likimtoka mgongoni na hasira zote amezielekeza kwa Gombo. Uani alipita kando ya rundo la povu lililochungulia chini ya turubai, ambalo Shagdar aliliita mzigo mpya wa kuuza.

Aliufungua mlango wa gari kwa nguvu. "Nilikwambia nini?"

"Nipige honi."

"Mbona hukupiga?"

Gombo alimkodolea macho. "Afande! Nimepiga mpaka mbwa wa watu ameingia chini ya ghala. Yule bibi wa duka amekuja kunigombeza, nikamwambia niko kazini. Nikapiga tena mbele yake. Muulize!"

Bibi wa duka, upande wa pili wa barabara, alikuwa bado amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Mfundishe adabu huyo!" alipaza sauti. "Nina mgonjwa ndani!"

Dolgor alibaki ameshika mlango wa gari. Aligeuka kuitazama nyumba ya Shagdar, hatua chache tu nyuma yake. Dirisha lilikuwa moja, limefungwa vioo viwili. Bibi wa duka alisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye, aliyekuwa akiitegea honi masikio, hakusikia kitu.

"Rudi kituoni," alisema. "Haraka."

"Nimekosa nini tena?"

"Hujakosa kitu, Gombo. Umefanya kazi nzuri kuliko sisi wote."

Kituoni alimwacha Gombo nje, umbali uleule, akaingia hadi chumba cha mwisho na kufunga milango yote. "Piga!" alipiga kelele, na hapo tu akajua jibu, kwa sababu Gombo alijibu kutoka barabarani kwa sauti ya kawaida, "Sawa, afande." Honi ilipolia, Enebish aliruka kwa mshtuko mle mahabusu.

Povu lilelile. Fundi yuleyule. Povu huzuia baridi, hilo hakulikataa. Lakini sauti linaipitisha. Dolgor alizaliwa hemani na alilala utoto wake wote ndani ya sufu. Alikumbuka vizuri jinsi dhoruba inavyoweza kupita juu ya hema lenye majamvi matatu na mtoto asiamke. Kitu kinachomeza sauti namna ile kilikuwa kimoja tu alichokifahamu.

Alimpigia simu mwendesha mashtaka wa mkoa.

"Unataka kibali cha kubandua ukuta wa mtu," yule bwana alisema taratibu, "kwa sababu hukusikia honi?"

"Kuna na misumari, mzee. Nyumba ina miaka miwili, misumari ya ndani ni ya juzi. Mbao zimebanduliwa zikarudishwa."

"Mtu anaweza kukarabati."

"Na uani ana rundo la povu chini ya turubai. Nililiona nilipotoka. Anaita mzigo mpya wa kuuza, lakini kila kibao kina matundu ya misumari. Povu jipya halina matundu. Lile limetoka ukutani."

Mwendesha mashtaka alivuta pumzi. "Ubao mmoja, Kapteni. Mbele ya mashahidi wawili. Ukikuta povu, utamwomba radhi mbele yao, na kijana wako anapanda gari kesho kama ilivyopangwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mashahidi walikuwa mwalimu wa hesabu na yule bibi wa duka, ambaye hakuhitaji kuombwa mara mbili. Shagdar alisoma kibali, akasoma tena. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi.

"Bandueni," alisema. "Mtanilipa ubao wangu."

Gombo aliingiza mtaimbo. Ubao ulilalamika, ukatoka. Ndani hapakuwa na kitu cheupe cha kung'aa. Palikuwa na jamvi la sufu, nene kama ubavu wa kiganja, rangi ya maziwa, limekunjwa mara mbili na kubanwa kwa fito.

"Lo!" Gombo alisema.

Bibi wa duka alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Shagdar wewe! Umeniuzia povu la dari nzima, na wewe unalala kwenye sufu?"

Shagdar aliinua mikono. "Haya. Haya, nimeshikwa. Ni sufu. Nimenunua kiwandani, mjini, kwa hela yangu. Kuna sheria inayokataza? Nimeficha kwa sababu ya aibu tu. Mwalimu, nawe ni mtu mwenye akili, fikiria. Mimi muuza povu nikionekana nateremsha sufu kwangu, kesho nitamuuzia nani?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, na Dolgor aliona kuwa amekubali. Hata bibi wa duka aliacha kucheka, akamtazama Shagdar kwa huruma kidogo. Maelezo yalikaa vizuri mno. Aibu ilieleza uongo wote, na sufu ni sufu. Kiwanda kipo kweli, na jamvi halikuandikwa jina.

"Na risiti?" Dolgor aliuliza.

"Nani anatunza risiti ya kitu anachokificha?"

Jibu zuri pia. Dolgor alichuchumaa mbele ya ukuta. Alivua glavu, akapitisha vidole juu ya lile jamvi, upande wa nje, kisha akauvuta mkunjo na kupapasa upande wa ndani. Vidole vyake vilisimama. Akapapasa tena, polepole zaidi.

"Gombo," alisema bila kugeuka, "nenda kambini kwa mama Pagmaa, mkwewe Enebish. Mwambie namwomba aje na jamvi mama."

Shagdar aliteremsha mikono ya shati iliyokunjwa.

Kila familia inayotengeneza majamvi ina jamvi moja kuukuu lisilovalishwa hema. Hilo ndilo mama. Hutandazwa nyasini, likaloweshwa, juu yake ikapangwa sufu mpya tabaka juu ya tabaka, ikanyunyiziwa maji. Kisha vyote viwili huviringishwa kwenye mti, vikafungwa ngozi ya ng'ombe na kukokotwa na farasi uwandani huku na huko mpaka sufu ishikane. Ukifungua, mama amezaa binti. Shagdar aliyajua hayo kama anavyoyajua mtu yeyote aliyekulia pale, lakini miaka mingi alikuwa akiuza povu, na akili yake ilikuwa imehamia kwenye vitu vinavyotoka kiwandani vikiwa sawasawa vyote.

Mama Pagmaa alifika ameketi kiti cha nyuma cha gari la polisi, amelikumbatia jamvi lililoviringishwa kama anayebeba mgonjwa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti kubwa. Aliingia, hakumsalimu Shagdar.

"Wapi?" aliuliza.

"Bado, mama," Dolgor alisema. "Kwanza tutandaze lako, kila mtu alione. Mwalimu, njoo karibu. Nawe mama wa duka."

Walilitandaza sakafuni. Lilikuwa la kijivu, limechakaa kwa maji na miaka. Karibu na pembe moja palikuwa na kiraka kikubwa kilichoshonwa kwa uzi mnene wa manyoya ya ngamia. Mishono ilikwenda ovyo: mirefu, mifupi, mmoja umepinda kabisa na kurudi ulikotoka.

"Nani alishona hapa?" Dolgor aliuliza.

"Marehemu mume wangu." Mama Pagmaa aligusa kiraka kwa ncha ya kiatu chake cha ngozi, kwa upole. "Mbwa alilitafuna, nikalia, akasema usilie, nitashona. Hakuwahi kushika sindano maisha yake yote. Nilitaka kukifumua baada yake nishone vizuri. Sikuweza."

Dolgor aliashiria. Gombo na mwalimu walivuta jamvi kutoka ukutani, wakalikunjua, wakalilaza juu ya lile la kijivu, uso kwa uso. Kisha Dolgor alilifunua pembe.

Kwenye sufu nyeupe kulikuwa na alama ya kiraka, imezama kama wayo katika tope lililokauka. Mishono yote ilikuwepo. Mirefu, mifupi, na ule uliopinda na kurudi.

Mwalimu wa hesabu alipiga magoti, akaweka kidole kwenye mshono wa jamvi mama, kingine kwenye alama ya binti, akavipeleka pamoja hadi mwisho. "Vinalingana," alisema. "Mshono kwa mshono."

"Bandueni mbao zote," Dolgor alisema. "Kila jamvi la nyumba hii lina alama hiyo. Jamvi la kiwandani halina mama, kaka Shagdar."

Walibandua. Jamvi la pili lilikuwa na alama ya kiraka. La tatu pia. Gombo alianza kuita kwa sauti kila akiiona, "Huyu hapa mzee!" na bibi wa duka akapokea, "Na huyu!" mpaka mama Pagmaa, aliyekuwa akijizuia, alifunika uso kwa mikono yake akicheka na kulia pamoja. Kumbe mume wake alikuwa ndani ya kuta zote za nyumba ile.

Shagdar alikaa kitandani. Mtoto wake alikuja kumwegemea.

"Alikuwa anakohoa," alisema hatimaye. "Mwaka jana. Kuta za povu zilitoa jasho, nyuma ya mbao pakaota ukungu mweusi, na yeye akawa anakohoa mpaka anatapika. Tangu niweke sufu hajakohoa hata mara moja. Ningeinunua wapi mtu asinione?"

"Kwangu," mama Pagmaa alisema, akifuta macho. "Ningekutukana sana, na ningekupa."

Shagdar aliinamisha kichwa. "Jumanne asubuhi," alimwambia Dolgor. "Niliyachukua Jumanne asubuhi, theluji ikiwa mbichi. Enebish hajui lolote. Andika."

Dolgor aliandika, mashahidi wakatia sahihi, naye akampigia simu mwendesha mashtaka. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyefurahi kushindwa, akaamuru Enebish aachiwe saa ileile. Majamvi yapigwe picha, alisema, libaki moja kama kielelezo, mengine yarudi kwa mwenyewe kabla baridi haijashuka. Na jingine moja Dolgor hakulipakia. Mama Pagmaa alikuwa ameliburuta mwenyewe hadi kitandani kwa mtoto wa Shagdar, na alipoulizwa alisema hilo ameliazimisha mpaka babake apate akili.

Mchana huo lori lenye tairi bovu lilipanda kambini limejaa, Enebish akiendesha huku akiimba. Majirani walikuwa wameshakuja na farasi zao bila kuitwa. Habari ilikuwa imewatangulia. Wakashika majamvi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wakayainua kwa fito juu ya mbavu za hema. La kwanza. Juu yake la pili, maungio yakipishana upande upepo unakotoka. Mama Pagmaa alizunguka akitoa amri.

"Vuta! Wewe Enebish, polisi wamekula nguvu zako? Vuta!"

"Navuta, mama!"

"Mkwe gani huyu! Kapteni, hebu msaidie!"

Dolgor aliacha daftari lake kwenye kiti cha gari, akashika kamba ya manyoya ya farasi pamoja na Enebish, wakaivuta mpaka ikaimba. Jamvi la tatu lilikaa. Upepo wa mlimani ulikuja, ukaligonga hema, ukazunguka kutafuta tundu, ukaenda zake.

Ndani, Khorloo alikuwa ameketi kando ya jiko na joho lake, kofia na skafu, kama alivyoketi tangu theluji ianguke. Aliinua macho. Sauti za nje zilikuwa zimekwisha, moja baada ya nyingine, na sasa alisikia moto tu. Alingoja kidogo, kama asiyeamini. Kisha alifungua vifungo vya joho juu ya lile tumbo kubwa, akalivua, na kulitundika.